Nani amewahi kumtazama mwanafunzi huyu akimpima mgonjwa?

Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari, ambao hupita kituo kimoja baada ya kingine, na kituo nilichopangiwa kusimamia kilikuwa cha tumbo. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia, ananawa mikono, anajitambulisha, anaomba ruhusa, anampima mgonjwa, na baada ya dakika 8 kengele inalia tena. Mimi nimekaa pembeni na karatasi ya alama yenye mistari 24. Kitandani amelala mama mmoja mwenye afya zake, aliyefundishwa kuigiza mgonjwa: ukimuuliza kama anaumwa atasema hapana, lakini ukimbonyeza chini ya mbavu za kulia atakunja uso na kuzuia pumzi. Wagonjwa wengi ndivyo walivyo. Mdomo unakana, uso unasema.

Akaingia binti mmoja aliyejiandaa vizuri. Kila hatua aliitamka kwa sauti iliyonyooka: sasa naangalia tumbo, sasa nabonyeza kwa wepesi, sasa kwa kina, sasa natafuta ini, sasa bandama. "Mama, kuna mahali panauma?" Hapana. Vidole vikafika chini ya mbavu, mama akakunja uso, na binti hakuona, kwa sababu alikuwa amenigeukia mimi ili nisikie anachofanya na kumpa alama. Nikampa. Mstari ulisema "anabonyeza sehemu zote 9 za tumbo", naye alizibonyeza zote 9.

Aliyemfuata alikuwa anatetemeka. Bandama aliisahau kabisa. Lakini kabla ya kumgusa mama alisugua viganja vikapata joto, akapiga goti mpaka mkono wake ukalala sawa na tumbo, akaanzia mbali, na muda wote macho yake yalikuwa usoni pa yule mama. Alipofika palepale mkono ukasimama. "Pole mama. Ni hapa?" Mama akaitikia kwa kichwa. Kengele ikalia kabla hajamaliza. Kwenye karatasi yangu binti wa kwanza alimpita mbali sana, maana aliyeandika maigizo na aliyeandika karatasi ya alama hawakukaa meza moja. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliouliza kama mwanafunzi aliuona uso wa mgonjwa.

Siupigi vita mtihani wa vituo. Nakumbuka vizuri tulikotoka. Zamani mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja, akaachwa naye kama saa nzima, kisha akaja kueleza alichokipata mbele ya watahini wawili. Hakuna aliyemwona akipima. Mmoja alipangiwa mgonjwa mwenye sauti ya moyo inayosikika hata na mgeni wa stethoskopu, mwenzake akapangiwa mzee asiyekumbuka ugonjwa wake ulianza lini, na wote wawili wakahukumiwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 1975 Ronald Harden, mwalimu wa udaktari wa Dundee, Uskoti, na wenzake walichapisha njia nyingine: vituo vingi, kazi ileile kwa kila mtu, watahini tofauti. Walikuwa na sababu nzito. Mtu akiwa hodari kwa mgonjwa wa moyo, hiyo haikuambii atafanyaje akiletewa goti lililovimba. Ukitaka kumjua, lazima umwone kwenye matatizo mengi. Mgonjwa wa kuigiza alikuwa ameshaanza kutumika kabla ya hapo, tangu 1963, daktari wa neva Howard Barrows alipomfundisha mtu mwenye afya njema kuonyesha dalili za ugonjwa wa neva kwa wanafunzi wake huko Los Angeles. Hayo yote yalituletea haki, na kuyatupa itakuwa dhuluma kwa wanafunzi.

Kinachonisumbua ni karatasi. Mwaka 1999 daktari Brian Hodges na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha utafiti ambao kila mtahini angepaswa kuujua. Waliwapitisha kwenye vituo vya magonjwa ya akili wanafunzi, madaktari walio mafunzoni na madaktari wazoefu. Kwa orodha ya kuweka tiki, wazoefu walipata alama za chini kuliko wote. Watahini walipoulizwa maoni ya jumla kuhusu utendaji wa kila mmoja, wazoefu wakawa juu. Ukifikiri haishangazi. Anayejua kazi haulizi maswali 40 kwa mpangilio. Anauliza machache, anasikiliza, anabadili njia kulingana na jibu alilopewa. Orodha inamwona kama mvivu.

Ndiyo maana siku hizi vyuo vingi humtaka mtahini atoe pia hukumu ya jumla: amefaulu, yuko mpakani, au hajaweza. Naunga mkono kabisa, na ningependa hukumu hiyo iwe na uzito kuliko tiki zote. Na yule mama kitandani naye aulizwe. Yeye ndiye aliyeguswa.

Hata tukiirekebisha karatasi, bado hatujafika. George Miller, mwalimu wa udaktari wa Marekani, aliandika mwaka 1990 kwamba umahiri una ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Vituo vinaishia ngazi ya tatu. Ngazi ya nne iko wodini, saa nane usiku, mgonjwa anapumua kwa shida na hakuna kengele. Huko ndiko tunakowaacha peke yao. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka yote ya masomo bila mwalimu hata mmoja kusimama pembeni ya kitanda na kumtazama akimhoji na kumpima mgonjwa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tunasikiliza ripoti zake wakati wa raundi, na ripoti nzuri inaweza kutoka kwa mtu aliyesikiliza mapafu juu ya shati.

Nami nina deni hapa. Nimewahi kutia sahihi daftari la mwanafunzi kwamba ameweka kanula 10, yaani vijirija vya kuingizia dawa mshipani, ilhali nilimwona akiweka moja. Nilikuwa nakimbilia kliniki, tukakutana koridoni, akaninyooshea kalamu. Sahihi ile ilikuwa uongo, na aliyebeba hatari yake ni mgonjwa wa 11.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 1995 John Norcini na wenzake nchini Marekani walieleza tathmini fupi ya kitandani: mwalimu anamtazama anayejifunza akiwa na mgonjwa wa kawaida, robo saa hivi, kisha wanaongea papo hapo kuhusu kilichokwenda vizuri na kisichokwenda. Inarudiwa mara nyingi, kwa wagonjwa tofauti na walimu tofauti. Haidai jengo wala vifaa. Inadai mwalimu asimame pale na anyamaze.

Marekani yenyewe ilikuwa na mtihani wa kitaifa wa vitendo tangu 2004, wa kusafiria hadi miji michache na kulipia zaidi ya dola 1,000. Ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na Januari 2021 ikatangazwa kuwa haurudi. Wapo waliosikitika. Mimi naona kazi ya kujua kama mwanafunzi anaweza kumpima mtu ni ya waliomfundisha, lakini basi waifanye kweli, na wawe tayari kuandika "bado" pale inapostahili. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwalimu anaijua sura ya kijana, anajua ameshasoma miaka mingapi, anamsukuma mbele akitumaini atakayempokea atamnyoosha. Atakayempokea naye anatumaini hivyohivyo.

Wiki moja baada ya mtihani nilimwomba binti wa kwanza tuende wodini. Nilimwambia asiseme neno lolote kwangu, asinitazame, ampime mgonjwa kana kwamba sipo. Kwa mgonjwa wa kwanza midomo yake ilikuwa ikicheza, akijisomea hatua kimoyomoyo. Wa pili alikuwa mzee mwenye ini lililovimba. Binti aliinua macho, akayashusha tena. Wa tatu alikuwa mama mmoja; binti alimtazama usoni tangu mwanzo, na mkono wake ukasimama kabla mgonjwa hajasema kitu. Tulitoka tukakaa kwenye benchi tukaongea. Kazi yote, pamoja na maongezi, ilichukua dakika 45.