Maji ya mvua nayo yapewe mwenyewe

Dar es Salaam bomba likipasuka, unajua wa kumpigia: DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Chemba ya majitaka ikifurika, ni hao hao. Ila maji yakikuingilia sebuleni kutoka mtaroni, utazunguka. Mtaro wa barabara kuu ni wa TANROADS, wa barabara ya mtaani ni wa TARURA, mto uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na kibali cha ujenzi kinatoka manispaa. Mvua moja, ofisi nne.

Mimi nasema mamlaka ya maji ikabidhiwe na maji ya mvua, tena iwe na kauli kwenye vibali vya ujenzi.

Melbourne, Australia, wanafanya hivyo. Melbourne Water inashughulikia maji safi, majitaka, mito na mitaro mikubwa. Mitaro ya maeneo yasiyofika hekta 60 wameachiwa madiwani na halmashauri zao. Ukitaka kujenga kando ya mto, unapangiwa mpaka kimo cha sakafu, kwa kupima mafuriko ambayo uwezekano wake ni asilimia 1 kwa mwaka. Oktoba 2022 mto Maribyrnong ulifurika ukaingia majumbani hata hivyo. Lakini wenye nyumba walijua wa kumbana.

Kwetu sheria tunayo. Ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Halafu nenda bonde la mto Msimbazi, hapa hapa Dar, ukaone. Karakana ya mabasi ya mwendokasi yenyewe ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa, na maji yakaifuata humo humo. Baada ya hapo unamwambia nini mwananchi uliyempiga X nyekundu ukutani?

Mtaani mambo huenda hivi: mtu ananunua kiwanja cha bondeni kwa bei poa, anamwaga kifusi, anapandisha ukuta juu ya njia ya maji. Fundi anaacha tundu la bomba la inchi nne, eti yatapita. Masika ya kwanza taka zinaliziba, jirani anahama. Na wapo wanaosubiri mvua inyeshe ili watapishe vyoo, wengine wanaelekeza maji ya paa kwenye chemba ya majitaka. Sasa hapo utatenganishaje ofisi ya majitaka na ya mvua?

Najua watakaoguna: DAWASA yenyewe mgao haijaumaliza, uiongezee mzigo? Sawa, lakini mzigo uje na fedha zake. Melbourne anayepima viwanja vipya huchangia gharama za mitaro ya eneo lake. Hapa tuanze na wenye maghorofa waliosakafia ua mzima kwa pevingi. Walipe kuliko mwenye kibanda cha Tandale chenye ua wa mchanga, maana maji yao ndiyo yanayomkimbilia yule.