Ryzen 5 5600 kwenye ubao wa zamani, au kuhamia AM5?

Mdogo wangu wa Katuba ana kompyuta ya gemu aliyoijenga kidogo kidogo: prosesa Ryzen 5 1600, ubao mama wa B450, ramu ya DDR4 gigabaiti 16 na kadi ya grafiki RX 6600. Akaniuliza: "Yaya, ninunue Ryzen 5 5600 niiweke humu humu, ao nivunje vyote niende AM5?" AM5 ni soketi mpya ya AMD, kampuni inayotengeneza Ryzen, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama; ubao wake wa B450 ni wa AM4, soketi ya zamani.

Swali hilo nalisikia sana hapa Lubumbashi. Majibu mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu ambao kifaa kikiwasumbua wanakirudisha dukani kesho yake. Kwetu prosesa inakuja kwenye begi la mfanyabiashara aliyetoka Dubai, au inavuka mpaka wa Kasumbalesa ikitokea Afrika Kusini. Ukishalipa umelipa. Kwa hiyo kukosea kunatuuma zaidi, na ndiyo maana kabla ya kutaja bei nilimwambia apime.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Fungua gemu unalolicheza kila siku, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p, usome fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo kompyuta inatoa kila sekunde. Zikipanda sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa na prosesa mpya haitakusaidia kitu. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo inayomchelewesha mwenzake. Zake hazikusogea. Hapo ndipo mjadala ulipoanza kuwa na maana.

Wanaosema abaki AM4 wana hoja nzito. Soketi hiyo ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na 5600 iliyotoka 2022 inaingia kwenye tundu lile lile. Ubao unabaki, ramu inabaki, unalipia kitu kimoja badala ya vitatu. AM5 haipokei DDR4 kabisa, ni ramu ya kizazi kipya cha DDR5 tu, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu imepanda vibaya duniani kote, kwa kuwa viwanda vinazikimbilia oda za vituo vya data vya akili bandia. Tena kuna umeme. Ryzen 5 1600 imeandikwa wati 65, na 5600 wati 65 vile vile. Ondulea yake (UPS, sanduku la betri linaloshika umeme ukikatika) ya 650 VA, ambayo kama nyingi za namna hiyo haifiki wati 400 halisi, inaendelea kumpa dakika za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika.

Upande wa pili nao siudharau. 5600 ikishaingia, njia iliyobaki mbele ni fupi sana. Zipo prosesa za X3D kama 5800X3D, yenye megabaiti 96 za kache ya L3, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, dhidi ya 32 za 5600, na kwenye gemu zinazoitesa prosesa tofauti inaonekana kwa macho. Lakini siku hizi kuipata ni bahati, na kwa RX 6600 sehemu kubwa ya nguvu hiyo ingekaa bure. AM5 ilianza 2022, na AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na zaidi. Anayenunua ubao wake leo anaweza kubadilisha prosesa baadaye bila kugusa kingine.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote za AM5, na watu huipita haraka. Ryzen 5 7600, ambayo ni ya AM5, ina grafiki ndogo ndani yake, 5600 haina. Kadi ya grafiki ikifa, mwenye 5600 anabaki na sanduku lisilotoa picha hadi nyingine ifike. Mwenye 7600 anaendelea kuandika kazi zake za shule. Nyumba nyingi hapa zina kompyuta moja tu, ya gemu na ya masomo. Kijana angekuwa anaanza mikono mitupu, ningemwambia ajikaze, asubiri, aende AM5.

Na Intel, mshindani wa AMD? Core i5-12400F ni nzuri kwa anayekuta ubao wake kwa bei ya chini. Ila Core i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizokwisha kutumika naziogopa. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba volteji iliyozidi ilikuwa inaziharibu, na marekebisho ya programu hayaponyi ile iliyokwisha kuumia. Kwa macho huwezi kuitambua.

Mdogo wangu tayari ana ubao unaofanya kazi, na kadi anayo. Nikamwambia abaki, achukue 5600.

Kuiweka nako kuna mitego. Vumbi jekundu la kiangazi na joto la Oktoba hukausha pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto mpaka inanata kama gundi. Niliwahi kuvuta kipoza joto cha AM4, prosesa ikanyofoka nacho, pini nne zimelala. Tulizinyanyua moja moja kwa wembe chini ya taa ya simu, saa nzima. Tangu siku ile huwa nacheza gemu nusu saa kwanza pesti ilainike, nazima, kisha nazungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

Na biosi, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, lazima ipandishwe toleo prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, maana toleo la zamani haliijui 5600 na skrini itabaki nyeusi. Ni dakika chache tu, lakini kuranti ikikatika katikati ubao unaweza kufa. Tuliichaji ondulea usiku kucha, tukaamka alfajiri kabla majirani hawajawasha majiko ya umeme. Yeye alishika simu kuangalia dakika, mimi nikashika mkono wake asiguse kitufe. Asilimia mia ilipofika, taa ya mtaa mzima ilikuwa bado inawaka.