Kiyoyozi Changu, Usingizi wa Mbuzi wa Jirani

Mwaka ambao korosho ilinikalia vizuri ndio mwaka niliojiharibia. Nilikuwa na nyumba ya makuti hapa Chikongola, Mtwara, imechoka, inavuja upande wa jikoni, lakini ukiingia saa nane mchana jasho linakauka lenyewe. Hela ilipoingia nikaanza kuona aibu. Mtu mzima na hela yake analalaje chini ya majani ya mnazi? Makuti yakashuka, bati zikapanda. Tena bati za rangi ya kahawa iliyokolea, kwa sababu jirani ana za bluu, na mimi siwezi kushindwa na mtu mwenye mbuzi mmoja.

Hela ya dari ikaishia kwenye hiyo rangi. Nikasema dari mwakani. Hiyo mwakani inakwenda mwaka wa nne.

Sasa kama hujawahi kulala Mtwara mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijaanza, nikwambie. Saa saba mchana ukigusa bati langu unaacha ngozi. Jua likizama unadhani umepona, kumbe ukuta wa tofali za saruji umelinywa joto kutwa nzima, na sasa ndio unakurudishia, taratibu, bila haraka, mpaka saa sita usiku. Tunalala kama samaki wa kubanika: upande huu ukiiva, unageuka.

Mama Zuhura ndiye aliyeleta neno kiyoyozi. Kulikuwa na jamaa Shangani anahama, anauza chake, hosipawa moja, kimetumika lakini kinanguruma vizuri. Tukakifunga sebuleni, familia nzima ikahamia sebuleni na magodoro. Usiku wa kwanza nilitoa blanketi kwenye sanduku. Blanketi! Nikawapigia simu ndugu zangu wa Newala, kule juu kwenye baridi, nikawaambia na sisi huku tunatetemeka.

Halafu LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia.

Mimi nilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wa uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Mwanzo wa mwezi naweka elfu kumi, wanakata 1,500 ya kodi ya jengo, nabaki na uniti 69 hivi, na kwa taa, redio na friji zinatusogeza mbali. Kiyoyozi kikaja na njaa yake: uniti saba kwa usiku. Hata siku kumi hazikufika, kwisha. Nikaweka elfu kumi nyingine nikijua mambo ni yale yale, ikaingia uniti 27. Nikadhani nimekosea zile namba 20 za tokeni. Sikukosea. Ukishavuka 75, kila uniti inayozidi ni 350, na kodi juu yake.

Nikawa mkali. Mtoto akisahau taa ya chooni namtoa usingizini akaizime. Taa yenyewe ni LED ya wati 9, nami namfokea nimesimama chini ya kidude kinachokula wati 900. Gesi inachimbwa Msimbati hapo, tunaisindikiza kwa macho inakwenda zake Dar es Salaam, na mimi mwenye mji nahesabu uniti kama mgonjwa anavyohesabu dripu.

Nikaita fundi nikijua kiyoyozi ni kibovu, maana kilikuwa hakipumziki hata dakika. Kijana akakifungua, akakifunga, akaangalia juu kwenye bati tupu, akaangalia matundu ya hewa juu ya madirisha, akaangalia mlango.

"Mzee, mashine ni nzima. Mgonjwa ni nyumba."

Akamwomba Mama Zuhura chetezo chenye ubani. Akakiweka sakafuni karibu na mlango, kiyoyozi kikiwa kinapuliza. Moshi ule haukupanda. Ulitambaa kama una miadi, ukafika kizingitini, ukapita chini ya mlango kwenye uwazi wa vidole vitatu, ukatoka nje. Nikafungua mlango kuufuata. Mbuzi wa jirani amelala kibarazani kwangu, amebana ubavu kwenye kizingiti, macho nusu, anacheua. Wiki tatu nilikuwa nikimwona pale kila usiku nikidhani ananipenda.

"Hewa ya baridi ni nzito, inatafuta chini," fundi akasema. "Huku juu bati na matundu vinakuletea joto jipya. Kwa hiyo mashine inapoza Chikongola yote."

Hakuishia hapo. Akaniomba noti. Nikampa elfu mbili, akaibana kwenye mlango wa friji, akaivuta kwa vidole viwili ikatoka kama inateleza kwenye mafuta. Mpira wa mlango umekufa, kasema, friji nalo linapoza jikoni. Noti akaitia mfukoni. Sikujua kama ile ilikuwa kipimo au malipo, nikaona aibu kuuliza.

Dawa aliyoniandikia: dari la silingi bodi, rangi nyeupe juu ya bati, mwarobaini upande wa magharibi, mpira wa friji, na kitu cha kuziba chini ya mlango. Bei ya dari nilipoisikia niliomba maji. Rangi nyeupe ndiyo iliyoniuma zaidi. Bati langu la kahawa! Lakini Jumapili nilikwenda Mikindani msibani, nikapita karibu na Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Ukuta mnene, mweupe pee. Mjerumani alikuja na bunduki na kiburi chote kile, na bado hakuthubutu kulipaka boma lake rangi ya kahawa. Nyumba za mawe za wazee wa pale ni hivyo hivyo, matumbawe na chokaa, ukiegemea ukuta mgongo unapoa bure. Baba mkwe, anayeishi kwenye nyumba yake ya udongo na nyasi, alinisikiliza msibani pale habari ya uniti mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mkwe, kwani yale makuti uliyapeleka wapi?"

Nimeanza na ninachoweza. Jana usiku Mama Zuhura alikunja khanga kuukuu, akaifunga kama mwana-sesere mrefu, tukaisukumiza chini ya mlango. Saa tano kiyoyozi kikanyamaza chenyewe kwa mara ya kwanza tangu kije. Tukatazamana.

Saa sita mlango ukagongwa. Jirani, shuka kiunoni, mbuzi nyuma yake analia.

"Samahani, jirani. Umeme umekata kwenu tu?"

Nikamwambia akanunue uniti.