Vidhibiti Vilivyozimwa na Utafiti Usiovitazama

Katika utafiti wa udhibiti wa michakato ya kemikali, swali la kazi ipi ipewe fedha na kurasa za majarida limekuwa likiamuliwa kimyakimya, na jibu limeegemea upande mmoja. Vidhibiti vinavyojifunza vyenyewe, modeli zinazofunzwa kwa data za mtambo na mitandao ya neva inayobashiri mwenendo wa kinu ndiyo mambo yanayowavuta wanafunzi wa uzamivu. Upande wa pili, ule unaosema kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyobaki iko chini kabisa, kwenye vali, vipima na vidhibiti vya kawaida vya PID (vinavyosogeza vali kulingana na tofauti kati ya kipimo na thamani lengwa), huchukuliwa kuwa habari ya mafundi wa matengenezo. Hoja za pande zote mbili zinastahili kupimwa, ingawa sitaficha kwamba huu wa pili ndio ninaouona umeeleweka vibaya.

Mwaka 2001, Lane Desborough na Randy Miller, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Honeywell, waliwasilisha matokeo ya kuchunguza vidhibiti vya PID vipatavyo 26,000 katika viwanda vinavyozalisha mfululizo. Asilimia 16 vilionekana kufanya kazi vizuri sana, asilimia 16 kwa kiwango kinachokubalika, asilimia 22 kwa wastani na asilimia 10 vibaya. Asilimia 36 zilizobaki hazikuwa na alama ya ubora, kwa sababu vidhibiti vyenyewe havikuwa vikidhibiti chochote. Vilikuwa vimeondolewa kwenye uendeshaji wa kiotomatiki, na vali zake zilikaa pale mwendeshaji alipoziacha.

Takwimu hii imenukuliwa mara nyingi, lakini mara chache imekaliwa na kutafakariwa. Ni haki kuanza kwa kuitilia shaka. Honeywell huuza mifumo ya udhibiti, na muuzaji ana sababu ya kuonyesha kwamba mteja ana tatizo. Uchunguzi wenyewe una zaidi ya miaka 20. Isitoshe, si kila kidhibiti kilicho katika hali ya mkono ni kosa: kingine ni cha pampu ya akiba, kingine hutumika wakati wa kuwasha mtambo pekee, kingine kiko kwenye njia iliyofungwa kwa miezi. Tuseme basi kwamba nusu ya asilimia hizo 36 zina sababu halali. Hata hivyo ingebaki karibu sehemu moja kati ya tano ya vidhibiti vilivyonunuliwa, vikafungwa, vikaunganishwa kwa nyaya na kuandikiwa programu, kisha vikazimwa na watu waliokusudiwa kuvitumia. Ukiongeza vile vinavyofanya kazi vibaya, unakuta kwamba nadharia ambayo vitabu huifunza kama jambo lililokwisha haijakwisha hata kidogo inapofika kiwandani. Kanuni za Ziegler na Nichols za kurekebisha PID zilichapishwa mwaka 1942, na kilichobaki bila kuchunguzwa vya kutosha ni kwa nini mtu mwenye akili timamu, akiwa zamu saa nane usiku, anaamua kwamba mkono wake ni bora kuliko kidhibiti.

Mara nyingi ana sababu. Vali inayokwama kwa msuguano haisogei kidhibiti kinapoiagiza kidogo kidogo. Agizo hurundikana hadi vali inaruka ghafla na kupitiliza, kidhibiti kinairudisha nyuma, inakwama tena, na mchakato mzima unaanza kuyumba kwa mawimbi yasiyokoma. Katika ukaguzi wa viwanda vya karatasi uliochapishwa mwaka 1993, Bill Bialkowski alieleza kwamba takriban asilimia 30 ya vitanzi vya udhibiti, yaani kipima, kidhibiti na vali vinavyofanya kazi pamoja, vilikuwa vikiyumba kwa sababu ya matatizo ya vali. Mwendeshaji anayeona hali hiyo hahitaji somo la hisabati ili kujua la kufanya. Anazima kidhibiti, mawimbi yanatulia, na kuanzia hapo kitanzi hicho kinaingia katika ile theluthi iliyozimwa.

Wanaotetea udhibiti wa hali ya juu nao wana hoja nzito, na haifai kuzipitia kwa haraka ili tu kuzipuuza. PID huangalia kipimo kimoja na kusogeza vali moja. Mnara wa ukenekaji, unaotenganisha vimiminika kwa kuvichemsha, hauko hivyo: ukiongeza mvuke chini, usafi wa bidhaa za juu na za chini hubadilika kwa pamoja, na vidhibiti viwili vilivyorekebishwa kila kimoja peke yake vinaweza kupigana bila mwisho. Udhibiti unaotumia modeli kubashiri, uliochapishwa na Jacques Richalet na wenzake nchini Ufaransa mwaka 1978, kisha na Cutler na Ramaker wa Shell mwaka 1979, ulitatua tatizo hilo kwa kuangalia mchakato mzima na mipaka yake yote kwa wakati mmoja. Ikumbukwe kwamba ulizaliwa viwandani, na wasomi wakaja baadaye kuthibitisha kwa nini unafanya kazi. Kufikia mwaka 2003, mapitio ya Qin na Badgwell yalihesabu matumizi yake zaidi ya 4,600. Faida yake ni ya fedha zinazoonekana, kwa sababu mtambo usioyumba unaweza kusogezwa karibu zaidi na mpaka wa joto, wa shinikizo au wa usafi, na hapo mpakani ndipo mavuno makubwa yanapopatikana.

Mtetezi wa upande huo angeongeza, kwa haki kabisa, kwamba hakuna aliyepata shahada ya uzamivu kwa kupaka vali grisi.

Ila jengo hili lina ghorofa. Kidhibiti kinachotumia modeli kwa kawaida hakigusi vali moja kwa moja. Hutuma thamani lengwa kwa vidhibiti vya PID vilivyo chini yake, navyo ndivyo vinavyosogeza vali. Kidhibiti cha chini kikizimwa, kile cha juu kinapoteza mkono mmoja. Kikiwa kinayumba, kile cha juu kinapata mtumishi asiyetekeleza agizo kama alivyopewa, na modeli iliyodhani utii huo inaanza kubashiri mambo yasiyotokea. Mwaka 2017 Tariq Samad alichapisha majibu ya kamati ya viwanda ya shirikisho la kimataifa la udhibiti, IFAC: wajumbe wote walioulizwa walisema PID ina athari kubwa viwandani, na asilimia 78 walisema hivyo kuhusu udhibiti unaotumia modeli. Waliojibu walikuwa 23 tu, kwa hiyo nisingejenga nadharia juu ya namba hizo. Mpangilio wake hata hivyo unaeleweka: cha pili kinasimama juu ya mabega ya cha kwanza.

Kwa vidhibiti vinavyojifunza kutokana na data hali ni ngumu zaidi. Data za mtambo hazikukusanywa kwa ajili ya kufundishia. Ni kumbukumbu za watu waliojitahidi kwa miaka kuhakikisha hakuna kinachobadilika. Halijoto iliyoshikiliwa palepale kwa miezi haimwambii mwanafunzi yeyote, awe mtu au mashine, nini kingetokea ingepanda kwa nyuzi kumi. Pale data zinapoonyesha mabadiliko, mara nyingi ni yale mawimbi ya vali iliyokwama, na modeli isiyojua habari za vali itayasoma kama tabia ya asili ya mmenyuko. Juu ya hayo, mifumo mingi ya kuhifadhi data viwandani hubana kumbukumbu ili kuokoa nafasi, na kinachofutwa kwanza ni mabadiliko madogo, ambayo ndiyo yangefichua msuguano.

Vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko, ndivyo vinavyofanya mabishano haya yawe magumu kuamua, maana vinatoa silaha kwa pande zote mbili. Kichocheo cha madini ya fedha kinachotumika kuzalisha kemikali ya ethilini oksidi huchoka polepole kwa miaka. Ili uzalishaji usishuke, waendeshaji hupandisha halijoto kidogo kidogo, na hurekebisha viwango vidogo mno vya misombo ya klorini vinavyozuia ethilini isiungue yote kuwa kaboni dioksidi. Kinu kilichopimwa kikiwa na kichocheo kipya si kinu kilekile baada ya miaka miwili, ingawa mabomba ni yaleyale. Modeli isiyobadilika huzeeka pamoja na kichocheo, lakini kwa mwelekeo wake yenyewe. Hapa anayetetea ujifunzaji wa mashine ana hoja yake bora kuliko zote: kinachobadilika daima kinahitaji kidhibiti kinachojifunza daima. Nakubaliana naye, kwa sharti moja. Kujifunza huko kunategemea vipima vya joto vilivyopangwa ndani ya kichocheo, na kipima kinachopotoka polepole hufanana sana na kichocheo kinachochoka polepole. Kidhibiti kitajirekebisha kwa uaminifu uleule katika hali zote mbili, na katika moja kati ya hizo kitakuwa kinaelekea kusikotakiwa. Kwa mmenyuko unaotoa joto jingi kama huu, kosa la namna hiyo haliishii kwenye mavuno kupungua tu.

Utafiti una njia yake ya kujipima, na hapo ndipo mizani inapoonekana kupinda. Tangu Downs na Vogel wa kampuni ya Eastman walipoichapisha mwaka 1993, modeli ya kompyuta inayoiga mtambo wa kemikali, iitwayo Tennessee Eastman, imekuwa uwanja wa majaribio wa maelfu ya makala. Ina vipimo 41, vigezo 12 vya kusogeza na misukosuko 20. Waandishi wake waliijenga kutokana na mchakato halisi, na waliyajua mambo ya kiwandani: msukosuko wa 13 ni mmenyuko unaobadilika kasi polepole, wa 14 na wa 15 ni vali za maji ya kupozea zinazokwama. Makala nyingi za kugundua hitilafu huacha nje ya majedwali yao msukosuko wa 3, wa 9 na wa 15, kwa maelezo kwamba ni migumu kugundulika. Maelezo hayo ni ya kweli, kwa kuwa athari zake kwenye vipimo ni ndogo na vidhibiti huzimeza. Lakini tazama kilichotokea: vali ya maji ya kupozea kondensa (kifaa kinachogeuza mvuke kuwa kimiminika) inayokwama, aina ya ugonjwa ambao Bialkowski aliuona kila mahali, imeondolewa kwenye mtihani kwa sababu watahiniwa wanaufeli.

Gharama ya kutozingatia ngazi ya chini ilionekana Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005. Mnara wa kutenganisha katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP ulijazwa kwa zaidi ya saa tatu bila kimiminika kutolewa. Utaratibu ulitaka kidhibiti cha kina cha kimiminika kiwekwe katika hali ya kiotomatiki kwenye asilimia 50, lakini haukufuatwa. Kipima cha kina kilionyesha kwamba kimiminika kinashuka wakati ukweli ni kwamba kilikuwa kikipanda. Watu 15 walikufa na 180 walijeruhiwa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo uchovu wa wafanyakazi na uamuzi wa uongozi kuhusu gharama, na ingekuwa upuuzi kudai kwamba kidhibiti kilichowashwa kingetosha. Ninachosema ni kwamba hakuna modeli ya kubashiri, iwe ya kisasa namna gani, ambayo ingeujua ukweli kutokana na kipimo kile kimoja.

Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba haya si masuala ya utafiti. Mwaka 1989 Thomas Harris alionyesha jinsi data za kawaida za uendeshaji zinavyoweza kueleza kitanzi kiko mbali kiasi gani na ubora wa juu unaowezekana, na tangu hapo njia za kutambua vali zinazokwama zimechapishwa kwa wingi. Kilichobaki, wanasema, ni wenye viwanda kuzitumia. Hoja hii ina uzito, na inawaumbua kidogo watu wa upande wangu wanaoandika kana kwamba hakuna aliyewahi kulitazama tatizo. Hata hivyo, kugundua si kutibu. Kitanzi kinachogunduliwa kuwa kibaya kinasubiri mtambo usimamishwe ndipo vali ifunguliwe. Wakati huo wote mtu anatakiwa kuamua aendeleeje: alegeze kidhibiti, akizime, au akiachie kidhibiti kilichoko juu yake kibebe mzigo. Jinsi ya kuendesha kwa usalama na kwa faida mtambo ambao sehemu zake zinajulikana kuwa mbovu ni swali la kisayansi kamili, lenye hisabati ngumu kuliko ile ya mtambo mzima usio na kasoro, na ndilo swali ambalo waendeshaji hulijibu kila siku kwa uzoefu.

Mfano unaotajwa zaidi na wapenzi wa akili bandia unalisogelea swali hilo kuliko wanavyokiri. Mwaka 2022, kampuni za Yokogawa na JSR zilitangaza kwamba kidhibiti kinachojifunza kiliendesha sehemu ya mnara wa ukenekaji nchini Japani kwa siku 35 mfululizo, na mwaka uliofuata kiwanda hicho kikakipitisha rasmi baada ya kukijaribu kwa muda mrefu zaidi. Sehemu iliyochaguliwa ilikuwa ile ambayo mbinu zilizokuwepo zilishindwa kuidhibiti, ambako waendeshaji wenye uzoefu walikuwa wakisogeza vali kwa mkono. Kidhibiti hicho kilishinda kwa kuingia ndani ya ile asilimia 36. Nayo matokeo yake yalitangazwa kwa kipimo ambacho makala nyingi za fani hii hazikitoi: idadi ya siku ambazo kidhibiti kilibaki kimewashwa.