Jerikeni bovu linafundisha kuliko volkano ya siki

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze hapa Uganda 2020, walimu wa jografia wanaambiwa watoto wajifunze kwa mikono, siyo kukopi ubaoni tu. Mi naunga mkono kabisa. Ila wengi wanauliza vifaa vitatoka wapi, wakati swali kubwa ni kama jaribio linaonyesha sababu ya kweli ama linafanana tu kwa macho.

Chukua ile volkano ya udongo, unatia magadi, unamwaga siki yenye rangi nyekundu, povu linafurika, darasa linapiga makofi. Lakini lile povu ni asidi imekutana na magadi ikatoa gesi, na chini ya mlima hakuna siki. Afadhali soda iliyotikiswa: gesi imebanwa ndani, ukifungua presha inashuka, inatoka kwa nguvu, na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, ikipanda juu gesi zake zinafanya vilevile.

Sasa jaribio la mteremko. Pasua jerikeni la lita 5 kwa urefu, kipande kimoja weka udongo mtupu, kingine udongo uliochimbwa pamoja na nyasi zake, viinamishe kwa tofali, halafu nyunyizia maji kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Kwenye udongo mtupu kikombe cha chini kinajaa maji kama chai ya maziwa, kwenye nyasi yanatoka kidogo na safi zaidi. Hapo maji yanabeba udongo kwelikweli, hakuna kuigiza.

Hata hivyo lina mpaka wake, na mwalimu asipousema ni hatari. Ule ni mmomonyoko wa juu. Kilichofunika kijiji cha Nametsi kule Bududa Machi 2010, na kikapiga Bulambuli Novemba 2024, ni kitu kingine, maporomoko ya ardhi: mvua inazama ndani ya mteremko wa mlima Elgon, udongo unakuwa mzito, presha ya maji inalegeza mshikamano, na mlima unaweza kukatika chini kabisa mizizi ya nyasi isipofika. Mtoto wa kule akirudi nyumbani anaamini nyasi zinatosha, tumemdanganya kwa jambo la uhai wake.

Wanaopinga nao wana hoja. Darasa la watoto mia, mwalimu mmoja, mtihani wa taifa wa UNEB unasubiri, halafu mzazi anatumiwa orodha ya vitu vya kununua. Hata "vitu vya kawaida" siyo bure jamani, jerikeni la nyumbani ndio linachota maji, mama gani atakubali likatwe? Kwa hiyo tumia lililopasuka, mwalimu afanye moja tu mbele, na kila mtoto aandike kwanza anachodhani kitatokea.

Ama mvua ikikatika toka nao nje nyuma ya jiko la shule, mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua ipo tayari, wachomeke vijiti pembeni wapime kina kwa rula, warudi kupima kila wiki mpaka muhula uishe.