Wilson au Florida? Hesabu ya saa za kuruka kabla ya kulipa ada ya urubani

Mabishano ya kusomea urubani nyumbani au ng'ambo huanza na ada, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mzazi analinganisha bei ya saa moja ya Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, na bei ya Florida, Marekani, anajumlisha nauli na pango, kisha anaamua. Ada ni nzito kweli, lakini swali linalotangulia ni jingine: mamlaka itakayotoa leseni ya kufanyia kazi itazikubali saa ngapi kati ya hizo ulizolipia?

Kiwango cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambacho nchi zetu hukifuata, kinadai saa 200 kwa leseni ya rubani wa biashara, yaani CPL, au 150 ikiwa mwanafunzi amesoma kozi iliyoidhinishwa. Katika zile 200, saa 100 lazima awe rubani kiongozi, mwenye dhamana ya ndege. Lazima pia awe ameruka safari moja isiyopungua kilomita 540, akitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Saa za simuleta, mashine ya kuigiza ndege, zinazoweza kuingizwa kwenye jumla hiyo hazizidi 10.

Marekani wanahesabu kwa namna yao. Chuo kinachofuata Part 61, mojawapo ya kanuni zao za anga, kinadai saa 250, na hadi 50 kati ya hizo zinaweza kuwa za simuleta. Kinachofuata Part 141, chenye mtaala unaokaguliwa, kinadai 190. Hapo ndipo vijana wengi hunaswa. Aliyerudi na 190 anaweza kuambiwa kozi yake haikuidhinishwa na mamlaka ya nyumbani, kwa hiyo aongeze hadi 200. Aliyerudi na 250 zenye 40 za simuleta anabaki na 210 za ndege halisi. Anavuka, ila kwa nafasi ndogo kuliko alivyodhani.

Kwenye logibuku, yaani daftari la saa za kuruka, safu ya rubani kiongozi ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Kwa sheria ya Marekani, mwenye leseni binafsi ya PPL anayeshika usukani mwenyewe anaruhusiwa kujiandikia muda huo kuwa wa rubani kiongozi, hata kama mkufunzi yuko kiti cha pili akimfundisha. Wanafunzi wawili wanaporuka pamoja, mmoja amezibwa macho asione nje ili afanye mazoezi ya vyombo na mwenzake akiangalia usalama, wote wawili wanaweza kuandika saa hiyo hiyo. Mamlaka nyingi nje ya Marekani hazikubali hesabu hiyo. Kwao, saa uliyofundishwa ni ya kufundishwa. Logibuku yenye 130 kwenye safu hiyo inaweza kubaki na 75 ikichujwa, na zile 25 zinazopungua utazilipia tena, kwa bei ya nyumbani. Tiba yake haina gharama: tangu siku ya kwanza mwanafunzi aweke safu ya ziada ya saa alizokuwa peke yake au na abiria wa kawaida tu, na aifunge kila mwezi kwa sahihi ya mkufunzi.

Pamoja na hayo, Marekani ina mvuto wa haki. Viwanja ni vingi, petroli ya ndege ni nafuu kuliko kwetu, mafundi na vipuri viko karibu, na kwenye chuo chenye ndege nyingi moja ikiharibika unapewa nyingine siku hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenye fedha zote mkononi anaweza kumaliza ndani ya mwaka. Redio nayo ina shughuli nyingi kiasi kwamba Kiingereza cha anga kinakaa mdomoni chenyewe.

Viza ndiyo inayoamua mengine. Wanafunzi wengi wa vyuo vya urubani huingia kwa M-1, ambayo muda wa kazi ya mafunzo baada ya kuhitimu hauzidi miezi sita. F-1, kupitia chuo chenye programu ya shahada au stashahada, inaweza kutoa miezi 12. Tofauti hiyo ni kubwa kwa anayetaka kuwa mkufunzi na kukusanya saa kwa kulipwa badala ya kulipa. Tangu 2013, rubani msaidizi wa shirika la ndege la Marekani kwa kawaida anahitaji saa 1,500, ndiyo maana wakufunzi wenyewe ni vijana wanaopita njia. Mkufunzi wako akipata kazi katikati ya kozi, unaanza upya kuzoeana na mwingine.

Turudi Wilson. Uwanja huo uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25, ndege inafanya kazi kana kwamba iko kwenye futi 8,000: injini ya 172 inapumua hewa nyepesi, mbio za kuruka zinarefuka, kupanda kunakuwa kwa kusuasua. Mwanafunzi wa hapo anajifunza mapema kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, na kukokotoa uzito kabla ya kuwasha injini. Aliyefundishwa usawa wa bahari hukutana na somo hilo akiwa tayari na abiria.

Tatizo la Wilson ni msongamano. Ndege za mafunzo zinagawana anga na za watalii, za mizigo na za wagonjwa. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mkufunzi na mwanafunzi wake walifariki. Kwa gharama za kila siku, msongamano unaonekana kwenye mita. Chuo kikitoza kwa mita ya Hobbs inayohesabu tangu injini inapowaka, dakika 15 za foleni katika masomo 60 ni saa 15. Sehemu kubwa yake itaingia kwenye logibuku kihalali, ila haitakufundisha kutua. Uliza wanatoza kwa mita ipi, na kama baadhi ya masomo ya kutua yanafanyiwa uwanja mdogo ulio nje ya mji.

Kinachomtetea Wilson ni ajira. Kwa wengi wa Afrika Mashariki kazi ya kwanza ni kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria, kupeleka watalii kwenye viwanja vya murram vya Mara au Serengeti. Wanaoajiri wako uwanja huo huo, na mkuu wa marubani akitaka kukujua anamuuliza mkufunzi wako wanapokutana kwenye chai. Aliyesoma mbali hana mtu wa kumsemea.

Afrika Kusini iko katikati: vyuo vingi, safari fupi ya kwenda nyumbani, lakini kibali cha masomo kinachoweza kuchelewa na leseni ambayo nayo itabadilishwa. Soroti, Uganda, chuo kilichoanzishwa 1971 na Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki, hakipaswi kusahaulika kwa sababu tu hakina matangazo mazuri.

Popote utakapoelekea, hesabu ndege, na uhesabu zile zenye injini na propela mahali pake. Wanafunzi 30 wakiruka saa 12 kwa mwezi ni saa 360. Ndege ya mafunzo inayotunzwa vizuri tuseme inatoa saa 60 kwa mwezi, maana kila saa 50 na kila 100 inaingia karakana. Zinahitajika sita zinazoruka na moja ya akiba. Chuo chenye wanafunzi hao na ndege tatu kimekuuzia foleni. Kisha uliza wana ndege ngapi za injini mbili. Ikiwa ni moja na inasubiri kipuri, mwanafunzi aliyemaliza kila kitu isipokuwa mafunzo ya injini mbili hukaa miezi bila kuruka, mkono ukipoa, na akirudi analipia saa za kujikumbusha.

Usilipe yote kwa mkupuo, hata ukiahidiwa punguzo. Tayside Aviation ya Dundee ilianguka Aprili 2023, na FTA Global ya kusini mwa Uingereza ikafunga Januari 2024. Waliokuwa wametanguliza ada waliachwa wakidai. Kama hilo linatokea chini ya mamlaka yenye macho makali, lipa kwa mafungu ya saa 10.

Kwa anayetaka kufanya kazi hapa na anayelipa kidogo kidogo, ningemwambia abaki nyumbani. Mwenye fedha kamili na njia ya F-1 ana sababu nzuri ya kwenda. Asiye na uhakika aanze PPL hapa, saa 40 hivi, ajue kama tumbo na kichwa vinakubali, akikumbuka kwamba kuhama katikati kunaweza kumnyima nafuu ya saa 150. Kabla ya yote aende kwa daktari wa anga achukue cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa sababu macho yasiyotofautisha rangi hugunduliwa pale, na ada iliyokwisha kulipwa ni ngumu kurudi. Halafu aandike barua KCAA au TCAA, mamlaka za anga za Kenya na Tanzania, akitaja chuo na kozi, aulize ni mitihani ipi na saa zipi zitakazohitajika kubadilisha leseni hiyo, na asubiri jibu la maandishi.