Tungule zimeniumbua, marando yamenisitiri

Masika yamekwisha, upepo wa kusi umeshika, nami nimekaa barazani hapa Chake Chake na daftari langu, nahesabu nilichopata kwenye kile kipande cha nyuma ya jiko. Nilipanda miche 24 ya tungule, yaani nyanya. Nimevuna bakuli moja, na nusu yake zilikuwa zimepasuka.

Kuzikosa si kitu. Kilichoniuma ni zilivyokufa. Mche umebeba maua, asubuhi umesimama, mchana umelala kama uliomwagiwa maji ya moto, na majani bado mabichi. Nikadhani kiu, nikazidisha maji. Kumbe naupalilia ugonjwa. Mzee mmoja jirani akaniambia, "Mwanangu, kata shina ulining'inize kwenye glasi ya maji safi, kisha utizame." Hazikupita dakika tano, uzi mweupe kama tui ukaanza kuteremka kutoka pale nilipokata, taratibu, mpaka maji yakaingia ukungu. Ni mnyauko wa bakteria. Dawa ya kuuponya mche hakuna. Unakaa ardhini miaka, unapenda joto na unyevu, na hauchagui katika ukoo wa tungule: bilingani, pilipili, mbatata, wote wamo.

Na mwaka jana pale pale nilipanda mabilingani. Basi.

Bamia hazikuniangusha, ila ukizipa kisogo siku tatu zinakuwa kuni. Mchicha walikula kuku. Ua la makuti lilikuwa na tundu, na kuku hawana simile.

Sasa matembele. Marando, yale mashina ya viazi vitamu yanayotoa matembele, nilipewa na wifi yangu, nikayachomeka ukingoni bila samadi, bila hata heshima. Ndiyo yaliyotulisha mboga tangu Aprili. Na bado akija mgeni tunaona haya kumpikia matembele! Tungule tunazing'ang'ania kwa sababu zinapanda bei, hasa Ramadhani, tukisubiri majahazi ya Tanga. Mimi naona bustani ya nyumbani si duka. Ipimwe kwa siku ngapi hukwenda sokoni kununua mboga, na kwa kipimo hicho marando yamezishinda tungule vibaya sana.

Vuli hii, palipokufa tungule naweka mahindi na kunde. Pilipili mbuzi nitapanda mbili tu, kwenye ndoo mbovu, kwa udongo wa kutoka kwengine kabisa. Tungule zingoje mwakani: kitalu mwezi wa Mei chini ya kivuli cha nailoni, kisha ndoo sita wakati wa kipupwe, mvua zikishapungua na joto likishatulia. Miche iliyokufa nimeing'oa na mizizi yake nikaichoma. Jembe nimelisugua kwa sabuni, maana ugonjwa huu husafiri na udongo ulioganda kwenye jembe ukahamia tuta la pili. Mume wangu alinicheka mpaka akakaa chini.

Jana wifi kaja kuomba marando. Yake yameliwa na mbuzi.